Mwanamke wa Nne Kwenye Timu

Chepngetich alikuwa mama wa watoto wawili, muuguzi katika nyumba ya kulelea wazee pale Granville, na kwa misimu minne hakuna mwanamke wa klabu yake ya riadha aliyewahi kumtangulia mazoezini. Hakuwa mtu wa kujigamba. Alikulia karibu na Kapsabet, ambako wasichana wa kumshinda mbio walikuwa wengi kiasi kwamba alipofika miaka ishirini aliona heri asomee uuguzi. Sydney ndiko alikojikuta wa kwanza, na polepole akazoea.

Jumanne moja ya mwezi wa nne, uwanjani Kensington, alikuja mgeni. Aliitwa Bridget, mwalimu wa hisabati, mfupi, mabega yamejaa kidogo, nywele za rangi ya mchanga kazifunga mkia. Kocha wao, Cheryl, mama wa miaka sitini na kitu ambaye sauti yake ilisikika hadi kituo cha tramu, aliwapanga wanawake wote kwenye mizunguko ya mita elfu. Mizunguko mitatu ya kwanza Chepngetich aliongoza kama kawaida. Wa nne, walipokaribia kumaliza, alisikia nyayo nyuma yake, kisha pembeni, kisha akawa anautazama mgongo wa mtu.

Hisia yake ya kwanza ilikuwa furaha. Baadaye, mambo yalipochafuka, alijikumbusha hilo mara nyingi. Alifurahi kwa sababu hatimaye kulikuwa na mtu wa kumkimbiza.

"Leo kuna mtu amenipita," alimwambia mumewe jioni ile.

Mutua alikuwa dereva wa lori la makontena kule Port Botany, Mkamba wa Machakos. Kwa kuwa mke ni Mkalenjin, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yao. Binti yao Mbula, wa miaka kumi na mitatu, alikielewa chote na kujibu kwa Kiingereza.

"Nani huyo?" Mutua aliuliza.

"Mwalimu fulani, mgeni. Anakimbia kama amemwagiwa maji ya moto miguuni."

"Sasa utado nini?"

"Nitamngoja Jumanne ijayo."

Wiki zikapita hivyo. Mara Bridget alishinda, mara Chepngetich. Nyumbani alimsimulia Mutua habari za yule mwalimu: alivyokunja ngumi akichoka, alivyocheka peke yake baada ya mbio. Kiswahili, kisichotenganisha he na she, hakikumdai chochote zaidi ya hapo. Yeye amefanya hivi, yeye amesema vile, na hadithi ikaendelea.

Kabla msimu wa baridi haujaanza, Cheryl aliwaketisha wanawake wote kwenye nyasi na kusema Bridget ana neno. Bridget hakukaa. Alisimama akishika chupa yake ya maji kwa mikono miwili.

"Nilizaliwa nikaitwa mvulana," alisema. "Naishi kama mwanamke mwaka wa saba sasa, na homoni natumia karibu muda huo huo. Sheria za mashindano yetu ya mitaa zinaniruhusu kukimbia nanyi. Lakini sikutaka mlisikie kutoka pembeni. Mwenye swali aniulize mimi."

Hakuna aliyeuliza. Mmoja alipiga makofi, wengine wakafuata, na Cheryl akawaambia wanyooshe misuli. Chepngetich alinyoosha misuli akiwa na maswali tele, na hakujua hata moja aanze nalo vipi bila kumkosea mtu adabu.

Mutua alipoambiwa, alilirudisha tonge la ugali kwenye sahani.

"Ngoja. Huyu huyu umekuwa ukinisimulia? Kumbe ni he?"

"She, Dad," Mbula alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

"Na hukuona, Mama Mbula? Wewe muuguzi mzima?"

"Niliona mtu anakimbia."

"Hiyo si haki. Hata nikidungwa sindano za kike mwaka mzima, mimi na hiki kitambi changu, bado nitaibeba hiyo friji na wewe utaniangalia tu."

Chepngetich alicheka, ila usiku ule maneno hayo yalikaa naye. Si kwa hasira. Alitaka kujua. Mtu akipunguziwa homoni za kiume, kinachobaki ni kiasi gani? Friji nzima, nusu yake, au mlango tu?

Akaanza kusoma wakati wa mapumziko kazini, miguu juu ya kiti, chai inapoa. Mambo ya damu aliyaelewa upesi: chembe nyekundu hushuka ndani ya miezi michache hadi kiwango cha wanawake. Misuli hupungua polepole, na si yote. Mifupa iliyokwisha kurefuka hairudi. Lakini kila alipotafuta utafiti wa wanariadha wenyewe, watu wanaofanya mazoezi kama Bridget, alikuta watu wachache mno na wataalamu wanaobishana. Aligundua pia kwamba kwenye riadha ya kimataifa mlango ulikuwa umekwisha kufungwa kwa wanawake kama Bridget, na kwamba siku hizi wanawake wanaokwenda mashindano ya dunia huchukuliwa mate kwa kijiti cha pamba ndani ya shavu ili wapimwe jinsia. Kwenye vilabu vya mitaa, kila mtu alikuwa bado anajitafutia njia.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita Cheryl alitangaza timu ya mbio za nyika za kupokezana. Nafasi za wanawake zilikuwa nne. Chepngetich wa kwanza, Bridget wa pili, kisha dada wawili Waaustralia. Wa tano alikuwa Raheli, na wa tano hakimbii.

Raheli alitoka Mbulu, Tanzania. Alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya sayansi ya michezo, akiishi na wanafunzi wenzake kwenye nyumba ya kupanga hatua chache kutoka chuoni. Mwaka mzima alikuwa akiamka alfajiri kuitafuta nafasi ile ya nne. Chepngetich alimkuta amekaa kwenye ngazi za jukwaa, akifunga kamba za kiatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

"Pole, mdogo wangu."

"Asante, dada. Nimeshapoa."

"Hujapoa."

Raheli alitabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Nikimtazama Bridget namwona mtu mzuri. Siku ile nilipoteguka, ni yeye aliyenibeba mpaka kwenye gari. Nikitazama majina, langu silioni. Yote mawili ni kweli, dada, na kila ninayemweleza anataka nichague moja."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nitamwambia nini? Samahani kwamba upo?"

Chepngetich aliketi kando yake kwenye ngazi. Lakini Jumapili iliyofuata, yeye na Bridget wakikimbia taratibu kwenye bustani ya Centennial, aliamua kwamba kukaa kimya nako ni namna ya kumsema mtu.

"Ulituambia tukuulize," alisema.

"Tangu siku ile nangoja," Bridget alijibu. "Uliza."

"Ulikuwa unakimbiaje zamani?"

"Vizuri kuliko sasa. Kati ya wanaume nilikuwa wa katikati, mtu ambaye hakuna anayemkumbuka. Mwaka wa kwanza wa dawa nilipanda kilima kile pale nikadhani nina malaria, na malaria sijawahi kuugua."

Chepngetich alicheka. "Na sasa kati ya wanawake uko wa pili."

"Ndiyo."

"Hilo unalionaje?"

Bridget alipunguza mwendo. Bata walivuka njia mbele yao, wakawapisha.

"Siku nyingine naona nimefanya kazi, nimestahili. Siku nyingine najiuliza kama wewe unavyojiuliza. Kuna watu wanadhani mimi sijiulizi." Akafuta jasho. "Sasa nikuulize mimi. Wewe ulikulia mahali hewa ni nyepesi, mapafu yako yamejengwa huko. Mimi nimekulia Wollongong, usawa wa bahari. Hiyo nayo ni haki?"

Swali hilo Chepngetich alikuwa amelitarajia, na alikuwa amelifikiria akimwogesha mzee mmoja asubuhi. "Hakuna mbio za watu wa milimani na mbio za watu wa pwani," alisema. "Wote tunaingizwa pamoja. Lakini wanawake walitengewa mbio zao, na kulikuwa na sababu. Bila kutengewa, mimi nisingefika hata raundi ya pili. Kwa hiyo lazima niulize mlango huo unalindwa vipi. Siulizi kwa sababu nakuchukia."

"Najua hunichukii. Watu wakinichukia huwa wananisalimia vizuri sana."

Wakamaliza mzunguko wakizungumza habari za wanafunzi wa Bridget wasiopenda sehemu na desimali. Chepngetich alirudi nyumbani bila jibu, lakini akiwa mwepesi.

Mbio zilifanyika Jumamosi ya baridi mwezi wa saba, kwenye bustani moja yenye vilima na tope. Mutua alikuja na Mbula, wote wamevaa makoti mazito. Bridget alikimbia mzunguko wa tatu, akaichukua timu ikiwa ya nne na kuifikisha ya pili. Akaupiga mkono wa Chepngetich, na Chepngetich akaondoka. Mbele yake kulikuwa na msichana mmoja tu, mwembamba, wa klabu ya kaskazini. Alimfikia kwenye kilima cha mwisho na kumpita wakishuka. Walishinda.

Alikuwa bado ameinama, mikono magotini, mwamuzi alipomjia. Alikuwa mzee mpole, uso umemwiva kwa aibu kuliko kwa baridi.

"Samahani. Kuna malalamiko. Naomba tuzungumze faragha kidogo."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu... uhalali wa kushiriki."

Chepngetich alidhani ni namba yake ya kifuani, ambayo ilikuwa imelowa na kuning'inia upande. Akaanza kuibandika tena. Hapo nyuma ya mwamuzi akatokea mama mmoja mwenye koti la bluu.

"Usimzungushe," mama alisema. "Mwulize tu kama ni mwanamke. Mtazame kifua. Na sauti hiyo mmeisikia?"

Ni kweli Chepngetich alikuwa mrefu, hana nyonga, hana kifua, na sauti yake ilikuwa nzito tangu utotoni. Kanisani kwao shangazi zake waliipenda, wakamweka safu ya nyuma aitegemeze kwaya. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kuitumia sauti hiyo kumwuliza yeye ni nini.

Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye ukingo wa fulana. Chini yake kulikuwa na mishono miwili ya upasuaji wa kujifungua, mmoja juu ya mwingine, wa Mbula na wa mdogo wake. Kwa kitambo alitaka kuiinua ile fulana watu wote waone, waridhike, waondoke. Kisha akaona simu mbili zimeinuliwa kumpiga picha, akamwona Mbula kwenye kamba ya watazamaji akiwa ameshika koti la mama yake, na mkono ukashuka.

"Mnayemtafuta ni mimi," Bridget alisema.

Alikuwa ametoka kubadilisha soksi, mguu mmoja peku kwenye tope. Mama wa koti la bluu alimtazama: mfupi, mashavu mekundu, mkia wa nywele unadondosha maji. Akamtazama tena Chepngetich. Ilionekana wazi kwamba hakuamini.

"Wewe?"

"Mimi. Sheria zinaniruhusu, na mwamuzi anazijua. Huyu ni mama wa watoto wawili. Binti yake ni yule pale, anakuangalia."

Mwamuzi alisema haraka kwamba ndiyo, jina la Bridget lilikuwa limeshashughulikiwa kabla ya msimu, na matokeo yanabaki. Chepngetich alingoja kuombwa radhi.

"Kwa hiyo sikukosea," mama yule alisema. "Yumo mmoja."

Nyuma yake yule msichana mwembamba aliyekuwa wa pili, tope hadi nyusini, alikuwa akimvuta mama yake mkono. "Mama, basi. Tafadhali basi." Alikuwa analia, na Chepngetich hakuweza kujua analilia aibu au ushindi uliompita. Pengine vyote. Chepngetich alishindwa kumchukia msichana huyo.

Ndani ya gari Mutua aliugonga usukani. "Wewe? Mama wa watoto wangu? Ningekuwa karibu!"

"Ungefanya nini? Ungewaonyesha cheti cha ndoa?"

"Na yote haya yameletwa na huyo Bridget wako. Asingekuwepo, nani angekuangalia?"

"Bridget hakuninyooshea kidole. Bridget alijitoa mbele ya watu."

Mbula, kiti cha nyuma, aliuliza kwa Kiingereza kwa nini yule mama alidhani anayetafutwa ni mama yake.

"Kwa sababu ya umbo langu," Chepngetich alisema.

"Kwa sababu ya rangi," Mutua alisema.

"Na umbo."

"Na rangi, Chep."

Hawakubishana tena. Mutua alipofika nyumbani alipika chai yeye mwenyewe, ya maziwa mengi na tangawizi, akamletea kitandani.

Siku zilizofuata Chepngetich aliona kwamba maswali yake yalikuwa yamegeuka. Alimpigia Raheli, wakakutana kwenye mgahawa karibu na chuo.

"Sikiliza," alisema. "Mlango ukilindwa kwa macho, mimi nitazuiwa na Bridget atapita. Tumeona. Ukilindwa kwa kijiti cha pamba, basi kila msichana afungue mdomo apimwe, Mbula wangu naye, na sijui nani atayashika majibu. Usipolindwa kabisa, wewe unabaki kwenye ngazi unafunga kamba za viatu. Niambie wewe unayesoma. Mimi nimezunguka nimerudi palepale."

Raheli alikoroga kahawa yake. "Maabara yetu ina utafiti. Tunatafuta wanawake kama Bridget wanaofanya mazoezi kweli kweli, na wanawake wengine wa kulinganisha nao. Hawapatikani. Nimeogopa kumwomba, kwa sababu..." Akaacha.

"Kwa sababu atadhani unataka kumkamata."

"Ndiyo, dada. Na kwa sababu sijui kama sitaki."

Ni Chepngetich aliyempigia Bridget, na Bridget alikubali kabla sentensi haijaisha. "Nitajifunza kitu," alisema. "Maisha yangu yote watu wananiambia mwili wangu ukoje. Acha mashine nayo iseme."

Wakaenda maabara siku moja wote watatu. Chumba kilikuwa na harufu ya mpira na dawa ya kusafishia. Raheli, ndani ya koti jeupe, alimbandika Bridget waya kifuani na kumfunga barakoa ya kupimia pumzi. Chepngetich alikuwa ameketi pembeni akingoja zamu yake, kwa hiyo alisikia.

"Wewe ulikuwa wa tano," Bridget alisema, kabla barakoa haijakazwa.

Mikono ya Raheli ilisimama. "Ndiyo."

"Nimejua tangu siku ile. Nilitaka kukuambia kitu, kila nilichotunga kilikuwa kibovu."

"Hata mimi," Raheli alisema. "Nafasi ile niliitaka sana. Sitaki kukudanganya kwamba sikuitaka."

"Asante kwa kutonidanganya."

Raheli akakaza mkanda wa barakoa, akauliza kama unabana, na Bridget akatikisa kichwa kwamba haubani.

Walikimbia kwenye mashine mmoja baada ya mwingine hadi miguu ikakataa, kisha wakapanda baiskeli fupi ya kupimia nguvu za ghafla. Chepngetich alitapika kwenye ndoo na kuomba radhi kwa Kinandi, lugha ya kwao, bila kujua. Walipopumzika, walikaa sakafuni migongo ukutani, wakimtazama Raheli akigeuzageuza grafu kwenye kompyuta.

"Haya," Raheli alisema. "Kwa pumzi, dada Chep anamzidi Bridget, tena kwa mbali. Kwa nguvu za ghafla, Bridget anamzidi dada Chep, tena kwa mbali."

"Ndiyo maana ananipita mwishoni," Chepngetich alisema.

"Huenda. Au ni kwa sababu ana miguu mifupi, au kwa sababu ulimlea mtoto mdogo miaka ile yeye anapiga mazoezi. Siwezi kujua."

"Kwa hiyo jibu ni nini?" Bridget aliuliza.

"Jibu ni kwamba mko watu wawili. Watu wawili si jibu. Tunahitaji mamia, na wanawake kama wewe, Sydney nzima, tumepata saba."

"Nawajua watatu," Bridget alisema. "Nitawaleta."

Chepngetich alimtazama akiwa amechuchumaa pale, barakoa imemwachia alama nyekundu usoni, akiuliza ile mistari miwili ya rangi inamaanisha nini, kwa nini huu unapanda pale na ule unashuka. Aliuliza kama mwanafunzi bora wa darasa. Mtu anayejua kwamba majibu yanaweza kumfungia mlango, na bado anauliza. Chepngetich hakuwa na hakika kama yeye angeweza.

Mashindano ya jimbo yalikuwa yanakaribia, na safari hii kamati ya klabu ilitaka kupiga kura: je, Bridget awemo kwenye wanne? Barua pepe zilikuwa zimeanza kuruka, nyingine za upole, nyingine si za upole. Chepngetich aliandaa maneno yake siku kadhaa. Jioni ya mkutano, kabla Cheryl hajafungua mjadala, Bridget alisimama.

"Mwaka huu siingii kwenye wanne," alisema. "Nitakimbia timu ya mchanganyiko, na wanaume. Sijakubali kwamba mimi si mwanamke, asije mtu akatoka hapa anasema hivyo. Ila sitaki marafiki zangu wanyooshe mikono kunihusu. Mwakani nitauliza tena, na tutakuwa tunajua zaidi."

Cheryl alipenga kamasi kwa leso. Watu walishukuru, kwa sauti ya juu mno, kama watu waliotua mzigo. Chepngetich naye alihisi umetua, na kuhisi hivyo kukamkera.

Siku ya mashindano Raheli alikimbia mzunguko wa tatu. Aliondoka kwa kasi mno, akaishiwa pumzi katikati, akapitwa na wawili, kisha akamrudia mmoja akikunja uso kama mtoto anayemeza dawa. Alipoupiga mkono wa Chepngetich alikuwa hawezi hata kusema. Walimaliza wa tatu. Raheli aliivaa medali yake ya shaba hadi kwenye tramu, juu ya koti, akajipiga picha nyingi za kumtumia mama yake Mbulu. Hakuna aliyemwonea haya, na yeye mwenyewe hakujionea. Timu ya Bridget, yeye na wanaume watatu wenye vitambi vya kiasi, ilishika nafasi ambayo hakuna aliyeitaja. Aliondoka mapema.

Wiki mbili hakuonekana mazoezini. Ya tatu alikuja, akaanza kunyoosha misuli karibu na Chepngetich kama vile hakuna kilichotokea, kisha akasema bila kumtazama, "Ningewaacha mpige kura, wewe ungesemaje?"

Chepngetich angeweza kulikwepa swali hilo. "Mbio za klabu, ukimbie na uhesabiwe. Hapo nisingesita," alisema. "Za jimbo, ningesema Raheli aingie. Kwa mwaka huu, kwa tunayoyajua sasa. Ningekuambia wewe kwanza kabla ya kuwaambia wao."

Bridget alinyoosha mguu wa pili.

"Inauma," alisema.

"Najua. Mimi nilitazamwa kifua mbele ya mwanangu. Najua kidogo tu, si yote."

"Na kama wale mamia wakipatikana, halafu ikaonekana umekosea?"

"Nitakuja nikuambie nimekosea. Na wewe?"

Bridget alicheka, kile kicheko chake cha peke yake, ingawa macho yalikuwa na maji. "Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nikionyeshwa kosa kwenye hesabu nalifuta. Ila siku hiyo usinitazame usoni."

Cheryl alipiga filimbi, akawapigia kelele kwamba hapa si mahali pa kunywea chai. Wanawake wengine walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye mstari, Raheli kati yao, akiruka-ruka kujipasha moto. Aliwapisha, mmoja kila upande.

"Tuanze na kasi gani?" Bridget aliuliza.

"Taratibu," alisema Chepngetich. "Leo nina swali jingine, na bila pumzi sitaweza kukuuliza."